Habari hii imetoka wapi? Kutunza kumbukumbu za intaneti

Tunapoongoza mazungumzo ya amani kuhusu historia yetu, watu hutuuliza: "Mmejuaje?" Tukijibu tu kwamba tulisoma kwenye intaneti, hatutaaminiwa. Programu ya kompyuta ya kutunzia kumbukumbu inaweza kutusaidia. Zotero, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2006 na haina malipo. Huhifadhi nakala ya ukurasa, anwani yake na tarehe tuliyoufungua. Nakala hiyo hubaki kwenye kompyuta, hivyo tunaweza kuisoma hata intaneti ikikatika.

Tuchukue mfano wa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa hapo wakiwa wafungwa. Tarehe 13 Februari, serikali ya Katanga ilitangaza kwamba walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Lakini mwaka 2001, tume ya bunge la Ubelgiji ilithibitisha kwamba waliuawa usiku uleule wa tarehe 17 Januari. Habari zote mbili zinapatikana kwenye intaneti. Anayenakili ya kwanza bila kutaja chanzo huwabebesha wanakijiji damu ya watu ambao hawakuwaua.

Hatua za kufuata

1. Fungua folda moja kwa kila somo, kwa mfano "Luano 1961".
2. Kwa kila habari, andika nani alisema, lini, na kama alikuwa na sababu ya kuficha jambo.
3. Maneno ya ukurasa yawekwe ndani ya alama za kunukuu. Maoni yako yaandike katika kumbukumbu nyingine.
4. Tafuta chanzo cha pili ambacho hakikunakili cha kwanza.
5. Weka nakala ya folda yote kwenye diski nyingine.

Katanga tunajua uzito wa maneno. Mwaka 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao baada ya hotuba za chuki. Kumbukumbu iliyotunzwa vizuri haizuii chuki peke yake, lakini inampa mpatanishi jibu la kweli mbele ya watu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

■ Ni habari gani ya zamani inayogawanya watu wa mtaa wetu?
■ Nani aliisema kwanza, na tunaweza kuihakikisha vipi?