Kwa nini mkulima anaogopa daftari la mauzo

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea daftari. Huko mashambani nakuta mtu anajua dawa ya pampu moja hadi mililita, lakini ukimuuliza msimu uliopita aliuza shilingi ngapi, anacheka tu. Ukimbana anakwambia: "Afisa, ukiandika, kodi inakufuata."

Hofu hii wengi tumeirithi kwa wazee. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba hapa kwetu mwaka 1898, na vijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Hawakuuliza umevuna gunia ngapi. Una nyumba, unalipa. Huna fedha, unakwenda kufanya kazi. Watu wakaanza kubanana kwenye nyumba moja ili kupunguza mzigo. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1922, wakaunganisha kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, hivyo hata mwanamume asiye na nyumba yake hakuponyoka. Kodi ya mapato ilikuja Tanganyika mwaka 1940, lakini mkulima wa kawaida alibaki na ile ya kichwa. Hata baada ya uhuru tulikuwa na Kodi ya Maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Wengi wenu mna baba au babu aliyewahi kulala porini akiwakwepa mgambo.

Sasa angalia: kodi za aina ile hazikujali umepata au umekosa. Mvua imegoma, kiasi ni kile kile. Daftari lingemsaidia nini babu? Kujificha ndiko kulikokuwa na akili, na mimi simlaumu.

Lakini kodi ya mapato, ambayo sasa iko chini ya sheria ya mwaka 2004, inakwenda kinyume kabisa. Inaanzia kwenye ulichoingiza. Chukua jedwali la wafanyabiashara wadogo lililopitishwa mwaka 2019. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4, kodi ni sifuri. Ukiuza nyanya za milioni 6 na huna kumbukumbu, unalipa 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Panda hadi mauzo ya milioni 10: bila kumbukumbu ni 250,000, ukiwa nazo ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya milioni 3 iliyozidi milioni 7, jumla 180,000. Hiyo tofauti ya 70,000 unaitupa kwa kukosa daftari la shilingi elfu mbili!

Tena msichanganye: jedwali hili linaangalia mauzo, siyo faida. Ukipata hasara bado linakudai. Sheria inakuruhusu kuomba kutoka humo na kukokotolewa kwa faida halisi, na hapo hasara ya mwaka huu unaweza kuivusha ipunguze faida ya kilimo ya mwaka unaofuata. Ila huko hesabu zinatakiwa ziwe kamili, na kwa mwenye ekari mbili naona gharama ya mhasibu itamla. Kwa mwenye shamba kubwa lenye mashine, afikirie.

Cha kuandika siyo kingi: tarehe, zao, kilo au kreti, bei, aliyenunua. Upande wa pili weka mbegu, mbolea, vibarua, usafiri. Risiti za duka la pembejeo na stakabadhi za AMCOS ziwekwe kwenye bahasha moja. Ujumbe wa malipo ya simu unafutika, kwa hiyo nakili siku hiyo hiyo jioni.

Viwango vinaweza kubadilika kila Bunge la bajeti, hivyo kabla ya kulipa pita TRA uulize vya mwaka husika. Na mwezi ujao nikizungukia vikundi, nitaomba kuona daftari kwanza, shamba baadaye.