Hesabu Saa Kwanza, Kisha Hesabu Wiki

Kondomu ikipasuka Ijumaa saa nne usiku, wengi huamka Jumamosi na kukimbilia duka la dawa kununua kipimo cha VVU. Mstari mmoja ukitokea, roho inatulia. Lakini majibu hayo hayahusu kabisa usiku wa jana. Yanaeleza hali yako ya wiki kadhaa zilizopita.

Asubuhi hiyo kilicho muhimu zaidi ni dawa za kuzuia maambukizi, yaani PEP. Zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inazipunguzia nguvu. Kwa mfano wetu, mwisho ni Jumatatu saa nne usiku. Usisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu asubuhi; nenda hospitali yenye huduma ya dharura, umweleze mhudumu kilichotokea na saa kilipotokea. Atakupima siku hiyohiyo ili ajue kama tayari ulikuwa na VVU, kisha, ukiwa hasi, atakupa dawa za kumeza kila siku kwa siku 28, bila kuruka. Aliyebakwa naye awahi kutibiwa; taratibu za polisi zisimcheleweshe kupata dawa.

Kupima kwa ajili ya tukio lenyewe kunakuja baadaye. Vipimo vingi vya haraka hutafuta kingamwili, na mwili huchukua siku 23 hadi 90 kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Kipimo cha maabara kinachotumia damu ya mshipa na kutafuta pia antijeni ya kirusi huweza kugundua maambukizi kati ya siku ya 18 na ya 45. Kwa hiyo ratiba ni hii:

- Siku ya kwanza: kujua ulikuwaje kabla ya tukio.
- Wiki ya 6: majibu hasi hapa yanatia moyo, ila hayajamaliza kazi.
- Miezi 3 baada ya tukio: ukiwa hasi, na hukujiweka tena kwenye hatari, tukio hilo limekwisha.

Aliyemeza PEP amwulize mhudumu tarehe ya kipimo cha mwisho, maana dawa zinaweza kuchelewesha majibu. Kwa sababu hiyohiyo, asitegemee kujipima mwenyewe.

Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, baadhi ya watu hupata homa, vidonda vya koo au vipele, wakadhani ni malaria. Wengine hawahisi chochote. Wakati huo virusi ni vingi mwilini ingawa kipimo cha haraka kinaweza kusema hasi, hivyo tumia kondomu mpaka umalize kupima. Mama anayenyonyesha amwarifu mhudumu mapema. Na majibu ya mwenzi wako si yako, pima mwenyewe.

Ukijipima kwa majimaji ya kinywa, fuata maelekezo ya pakiti na usome kwa muda ulioandikwa. Mstari kwenye C peke yake ni hasi. Mistari miwili, hata wa T ukiwa umefifia, maana yake nenda kituoni ukathibitishe. C isipokuwa na mstari, kipimo kimeharibika; chukua kingine.

Ikithibitika una VVU, anza dawa za ARV mara moja. Anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ukiwa hasi na hatari ingalipo, uliza kuhusu PrEP, dawa za kujikinga kabla ya tukio.