Jina la Gagarin

Majina ya ukoo ya Warusi hutambulikana kwa miisho yake. Uzao wa Ivan huitwa Ivanov; lakini neno likiishia kwa "a", hiyo "a" huondoka na "in" huingia. Gagara ni ndege wa majini, mpiga mbizi hodari. Mtu akibandikwa jina hilo kwa utani, wazao wake huwa akina Gagarin, na mwanamke huitwa Gagarina.

Akina Ivanov ni wengi mno. Akina Gagarin ni wachache, na ukoo mmoja wao ulikuwa wa makabaila wa kale. Basi Yuri Gagarin aliporuka angani tarehe 12 Aprili 1961, walikuwako waliodhani kuwa ni mjukuu wao. Sivyo. Baba yake alikuwa seremala wa kijiji cha Klushino. Wakulima wengi wa Urusi hawakuwa na jina la ukoo lililoandikwa mpaka utumwa wa mashambani ulipokomeshwa mwaka 1861, miaka 100 kabla ya safari ile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jina likiwa adimu halithibitishi udugu wala cheo. Jina laweza kuwa moja, na mababu wawili.