Gauni la Harusi na Mwili Unaopungua: Lini Ulipe, Lini Usubiri

Tuseme harusi yako ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Sasa ni mwanzo wa Juni, umeanza kutembea kila jioni na chapati za usiku umepunguza. Mizani inashuka. Halafu unaona gauni zuri, saizi mbili chini ya yako. Muuzaji anasema limebaki moja tu, na pesa iko kwa simu. Ulipe ama ungoje?

Somo la leo linajibu swali hilo, hasa kwa wateja wetu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, ambao mara nyingi hulipia gauni likiwa bado Mombasa ama Nairobi. Jibu kwa ufupi: pesa isitangulie mwili. Nunua gauni linalokuingia leo, lipa kwa awamu, na kila awamu ifuate vipimo vyako.

Kwa nini usilipie saizi unayotamani

Gauni kubwa hupunguzwa. Gauni dogo kuliongeza ni kazi nyingine kabisa. Fundi akiongeza, anategemea kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na magauni mengi ya dukani huachiwa kidogo sana. Kitambaa kisipokuwepo, itabidi aweke kipande kipya, na kupata rangi na lesi inayofanana si rahisi.

Hata kupunguza kuna mipaka. Saizi moja ama mbili, fundi mzuri anabana pembeni na mgongoni bila shida. Zaidi ya hapo umbo la gauni linaanza kuharibika: kifua kinasogea, mshono wa kiuno unashuka, shanga na lesi zinabidi kubanduliwa na kushonwa upya. Hapo unalipia karibu gauni la pili.

Na mwili wenyewe hauna kalenda. Wataalamu wa afya kwa kawaida hushauri kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, si zaidi. Wiki za kwanza mizani huweza kushuka haraka, kisha ikasimama hata mwezi mzima. Tena haupungui kila mahali sawa. Kuna anayepungua kifua kwanza, kuna ambaye nyonga hazisogei kabisa. Kwa hivyo mwezi wa Juni hakuna mtu, hata wewe mwenyewe, anayejua kiuno chako cha Desemba.

Angalia pia namba ya saizi. Saizi 12 ya Uingereza ni karibu saizi 8 ya Marekani, na magauni ya harusi mara nyingi hukatwa madogo kuliko nguo za kawaida. Usiagize kwa namba. Agiza kwa vipimo vitatu: kifua, kiuno na nyonga, kwa inchi ama sentimita. Chagua saizi inayotosha sehemu yako iliyo kubwa zaidi, kwingine kutapunguzwa.

Ratiba ya pesa na vipimo

Hesabu wiki kurudi nyuma kutoka siku ya harusi. Kwa mfano wetu, bajeti yote ni shilingi 30,000: gauni 24,000, marekebisho 4,000, nauli na kutuma mzigo 2,000. Hizi ni namba za mfano tu, weka zako.

*Wiki 26 kabla (mwanzo wa Juni).* Usilipe chochote dukani. Anza kuweka akiba: 5,000 kwa mwezi kwa miezi sita, ama kama 170 kwa siku. Weka mahali ambapo huwezi kuigusa ovyo, kama akaunti ya kufunga ya M-Shwari, ambapo unachagua lengo na muda. Muda huo uishe kabla ya tarehe ya malipo, usije ukafika kwa fundi na pesa bado imefungwa. Chukua vipimo vyako vitatu, andika kwa simu, na urudie kila baada ya wiki mbili.

*Wiki 14 kabla (mwisho wa Agosti).* Sasa chagua gauni na ulipe malipo ya awali, asilimia 30, yaani 7,200. Nunua saizi inayokuingia siku hiyo. Kama mwili bado unashuka, chagua gauni la kufunga kwa kamba mgongoni badala ya zipu. Kamba zinavutwa ama kulegezwa, lakini zipu haikubembelezi.

*Wiki 8 kabla (mapema Oktoba).* Jaribu gauni mara ya kwanza, ukiwa na sidiria na viatu vya siku yenyewe. Fundi abane kwa nyuzi za muda tu, asikate kitambaa. Lipa asilimia 40, yaani 9,600.

*Wiki 3 kabla (katikati ya Novemba).* Hiki ndicho kipimo cha mwisho. Linganisha na cha wiki mbili zilizopita. Kama kiuno hakijasogea, fundi anaweza kukata. Kuanzia hapo kazi yako ni kubaki pale ulipo. Kujinyima chakula ili upungue zaidi kutakuharibia gauni na kukuletea kizunguzungu siku ya kanisa.

*Wiki 1 kabla.* Vaa gauni lote, keti, inua mikono, cheza hatua mbili tatu. Likikaa vizuri, maliza asilimia 30 iliyobaki, 7,200, na uondoke nalo.

Usitegemee michango ya kamati kulipia gauni. Ahadi nyingi hutimizwa siku za mwisho, na gauni linahitaji pesa mapema. Michango ilipe chakula na mahema.

Mombasa, Nairobi ama hapa Voi?

Kutoka Voi hadi Mombasa ni kama kilomita 150, na Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kila safari ya kujaribu gauni ni nauli na siku ya kazi. Mwili unaopungua unahitaji kujaribu mara tatu angalau, na ukitoka Taveta ama Wundanyi safari inakuwa ndefu zaidi.

Njia inayofaa wengi ni kununua gauni ama kitambaa mjini, mfano Mombasa ama Biashara Street ya Nairobi, kisha marekebisho yafanywe na fundi wa karibu unayeweza kumfikia kwa boda. Kabla hujanunua, mtumie huyo fundi picha za ndani ya mshono na umuulize kama anaiweza hiyo kazi.

Kukodi pia ni chaguo zuri kwa mtu ambaye kilo bado zinasogea, maana saizi unaichagua karibu na siku. Ila Desemba ni msimu wa harusi, kwa hivyo uliza mapema: malipo ya awali yanashika gauni moja ama yanashika tarehe? Naweza kubadilisha saizi hadi lini? Pesa ya dhamana itarudi baada ya siku ngapi, na kwa namba gani?

Kulipa kwa simu bila majuto

1. Lipa kwa till ama Paybill ya duka. Jina la biashara likitokea, lisome kabla ya kuthibitisha. Muuzaji wa mtandaoni akitaka pesa yote kwa namba ya mtu binafsi kabla hujaona gauni, hiyo ni sababu tosha ya kungoja.

2. Kila awamu iwe na maandishi. Baada ya kulipa, mwandikie muuzaji ujumbe mfupi: "Nimelipa 7,200 ya kwanza kati ya 24,000. Vipimo 40, 34, 44. Nitajaribu mara ya kwanza tarehe 10 Oktoba." Akijibu "sawa", umepata makubaliano. Hifadhi pamoja na ujumbe wa uthibitisho wa malipo.

3. Kurudisha pesa ni kwa makosa ya kutuma. Mtumiaji wa M-PESA akikosea namba, anatuma ule ujumbe wa uthibitisho kwenda 456 haraka iwezekanavyo. Huduma hiyo haikukusudiwa gauni lisilokutosha. Hapo unarudi kwa makubaliano yako na muuzaji, ndiyo maana yaandikwe mapema.

4. Jua haki yako na mpaka wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji. Zipu iliyokufa ama doa ni kasoro ya muuzaji. Gauni kulegea kwa sababu umepungua, ama kubana kwa sababu hukupungua, si kasoro yake.

5. Ile 4,000 ya marekebisho usiiguse. Pesa hii ndiyo husahaulika, na bila hiyo gauni la 24,000 linaning'inia tu mwilini.

Na kama kilo hazikushuka?

Hakuna hasara. Ulinunua gauni linalokuingia, kwa hivyo utalivaa jinsi lilivyo, na pesa ya marekebisho itabaki ya viatu. Aliyelipia saizi mbili chini ndiye ana shida: ama atafute gauni jingine Novemba kwa bei ya haraka, ama ajibane na njaa. Tafadhali usifike huko. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa kwa WhatsApp si sehemu ya bajeti hii. Ukitaka msaada, ongea na mtaalamu wa lishe katika hospitali, kama ile ya rufaa ya Moi hapo Voi, hasa ukiwa unanyonyesha ama una sukari au presha.

Kwa hivyo, yule muuzaji wa Juni akikuambia limebaki moja, mjibu kwa upole kwamba utarudi Agosti ukiwa na vipimo. Gauni jingine litakuwepo.

Kama kawaida: PIN yako ni yako peke yako. Usimpe muuzaji, fundi, wala mweka hazina wa kamati.