Kabla Hujanunua Tofali: Makadirio ya Ukuta wa Kuzuia Udongo

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu ya malalamiko yanayoletwa ofisini kila masika yakikolea. Ukuta mpya umepinda, mwingine umelala kwenye uwanja wa jirani, na mwenye nyumba anaapa kwamba fundi hakupunja saruji. Tunamwamini. Kiwanda cha Pongwe kimekuwa kikitoa saruji tangu 1980, na Tanga haina njaa ya saruji. Kinachosahaulika kwenye orodha ya vifaa ni kokoto ya nyuma ya ukuta na mabomba ya kutolea maji. Tumelisema hili kwenye mikutano ya mitaa na kwa vipaza sauti vya gari, tena bila kuchoka, na sasa tunaliandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Ukuta huu si uzio

Uzio husimama peke yake. Ukuta wa kuzuia udongo unasukumwa usiku na mchana. Udongo mkavu wenye kimo cha mita 2 husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya takribani tani 1.2. Udongo huohuo ukijaa maji yasiyo na pa kutokea, msukumo unapita tani 2.5. Mkazi wa miteremko ya Amani au Lushoto, penye udongo mwekundu unaoshika maji, asome sentensi hiyo mara mbili.

Kupima na kuhesabu

Tofali nyingi zinazouzwa kwetu hazina matundu, hivyo nondo haina pa kupita. Zipangwe kuta mbili sambamba, katikati iachwe nafasi ya sentimita 15, nondo zisimamishwe humo karibu na upande wa udongo, kisha nafasi ijazwe zege kila baada ya kozi chache. Kuta hizo mbili zifungwe kwa waya, la sivyo zege bichi litazitanua.

Chukua mfano wa ukuta wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 1.5 juu ya msingi. Huu ni mfano wa kupimia tu. Vipimo vya ukuta wako vitatoka kwa mhandisi aliyesajiliwa. Uso wake ni mita za mraba 15. Kila mita ya mraba hesabu tofali 10 za inchi 6, pamoja na zitakazovunjika. Kwa kuwa kuta ni mbili, unahitaji tofali 300. Wengi huhesabu upande mmoja, wakaishia na tofali 150 na aibu mbele ya fundi.

Zege la katikati ni mita za ujazo 2.25. Msingi wenye upana wa mita 1 na unene wa sentimita 25 unakula 2.5. Jumla ni 4.75. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo inahitaji takribani mifuko 6.5 ya kilo 50, kwa hiyo zege peke yake ni mifuko 31. Ongeza 4 ya udongo wa kujengea, kisha asilimia 10 ya upotevu: mifuko 39. Mchanga wa zege ni kama mita za ujazo 2, na kokoto ni kama 4.3.

Nondo za mm 12 zikisimama kila sentimita 20, vipande ni 51. Kila kimoja kina mita 2.4 pamoja na mkunjo unaoingia kwenye msingi. Nondo ya mita 12 inatoa vipande 5, kwa hiyo nunua 11, na 4 zaidi za kulaza kwenye msingi. Za mm 10 za kulala kwa urefu ni 9. Usisahau waya wa kufungia.

Sasa maji

Hapa ndipo mafundi hufunga daftari. Wewe usikubali. Nyuma ya ukuta jaza kokoto zenye unene wa sentimita 30, kuanzia msingi hadi karibu na juu: mita za ujazo 4.5, zaidi ya kokoto zote za zege lako. Ndiyo, gharama inauma, lakini kujenga upya kunauma zaidi. Kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchuja, tope lisizibe. Matundu yakae kila mita 1.5, juu kidogo ya usawa wa ardhi ya mbele. Mabomba 7 ya sentimita 60 yanatoka kwenye bomba moja la plastiki la mita 6. Bomba moja tu, na bado watu huliruka!

Tunarudia: ukuta usio na matundu usijengwe.

Mchanga wa ufukweni ni marufuku kwenye kazi hii. Chumvi yake inakula nondo, kutu inavimba na zege linapasuka. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari.

Kuhusu kibali na ada, ulizia halmashauri yako. Masharti yapo kwenye ubao wa matangazo.

Kokoto na mabomba yakishawekwa, mwite mkaguzi kabla ya kufukia. Atakayefukia kabla ya ukaguzi ataamriwa kufukua, na vibarua wa kufukua atawalipa yeye.