Kutazama Ndege Kibera na Kawangware

Jina Kibera lina asili ya Kinubi, na maana yake ni msitu. Wageni wengi huja kutazama mabati. Wewe njoo na darubini: msitu umekatwa, lakini baadhi ya wakazi wake wa kale hawajahama.

Silanga, alfajiri

Tafuta mwenyeji wa kukuongoza, mwafikiane bei mapema. Vaa gambuti, mteremke hadi Silanga, ukingoni mwa Bwawa la Nairobi. Bwawa lilijengwa mwaka 1953, na zamani watu waliendesha mashua za tanga humo. Sasa limejaa magugumaji na maji taka, kwa hiyo usiyaguse maji.

Simama kando ya shamba la mboga, utulie. Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma vidole, niliona kitu cha kahawia kwenye tope nikadhani ni mfuko uliotupwa. Kikainua kichwa, na kishungi chake kikatokeza nyuma kama nyundo. Kumbe ni fundichuma! Alikoroga tope kwa mguu mmoja, akasita, akachomoa chura. Mama aliyekuwa akichuma sukuma wiki hatua chache kutoka hapo hakugeuka hata. Wamezoeana.

Kawangware, mchana

Panda matatu ya 46. Penye majalala utawakuta korongo marabu, ndege wanaofikia kimo cha mita 1.5. Juu yao huzunguka mwewe. Kula ukiwa chini ya paa, kwani mwewe hunyakua chakula mkononi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili tazama pia mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya.

Wanyama wakubwa

Kima wapo Msitu wa Ngong Road. Simba ni nadra sana, ila Februari 2016 baadhi yao walitoka Mbuga ya Nairobi, askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wakawasaka mitaa ya Lang'ata. Ukikutana na mnyama wa hatari usikimbie. Rudi nyuma polepole, kisha KWS waarifiwe.

Adabu

Salimu kwanza. Usimpige mtu picha bila idhini yake, na usielekeze darubini kwenye milango ya watu. Kisha uliza kiota cha fundichuma kiko wapi, lile rundo kubwa la vijiti na matambara kwenye panda ya mti. Anayelima hapo kila siku atakuonyesha kwa kidole kabla hujafungua kitabu chako cha ndege.