Petulla: Kitafunio cha Asubuhi cha Waalbania

Petulla ni vitafunio vya unga wa ngano vinavyokaangwa kwa mafuta, na familia nyingi za Albania na Kosovo huzila asubuhi, hasa siku za mapumziko. Hupikwa pia mtoto anapozaliwa, ili wageni wanaokuja kutoa pongezi wapate cha kutafuna.

Aliyezoea maandazi atazielewa upesi, ila azingatie jambo moja: unga wa petulla kwa kawaida hautiwi sukari wala iliki. Utamu huongezwa mezani. Kwa sababu hiyo sahani moja huwatosha wanaotaka asali, jamu au sukari, na wanaopenda jibini nyeupe ya chumvi, iitwayo djathë i bardhë. Kukosa sukari kuna faida nyingine: petulla haziungui haraka nje kabla ndani hakujaiva.

Mahitaji
- Unga wa ngano gramu 250
- Mtindi mzito usio na sukari gramu 250
- Yai 1
- Soda ya kupikia nusu kijiko cha chai
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Mafuta ya kukaangia

Namna ya kupika
1. Piga yai pamoja na mtindi na chumvi.
2. Changanya unga na soda, kisha mimina humo. Koroga mpaka upate rojo zito linalodondoka polepole kwenye kijiko. Usikoroge kupita kiasi, petulla zitakuwa ngumu.
3. Subiri dakika 10. Uchachu wa mtindi unapokutana na soda hutoa gesi inayoumua rojo. Gesi hiyo haikai, kwa hiyo usililaze rojo hadi kesho.
4. Pasha mafuta hadi nyuzi 170–180 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Chovya mpini mkavu wa mwiko. Viputo vikiuzunguka mfululizo, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi, yamezidi moto.
5. Chovya kijiko kwenye mafuta ili rojo lisigande, chota na udondoshe. Kaanga chache chache, maana ukijaza sufuria mafuta hupoa na petulla huyanywa. Geuza mpaka ziwe rangi ya dhahabu pande zote, kisha zichuje.

Tahadhari: Mafuta yakishika moto, usimwagie maji wala usibebe sufuria. Zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma.

Zile zingali moto, kwani zikipoa hukakamaa. Andaa jibini, asali na chai kwanza, ndipo uanze kukaanga.